Kifua cha Bwana Pickersgill

SEHEMU YA KUMI NA NNE

Kidole kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Hapo ndipo tulipomwacha Myrtle wiki iliyopita, na kama umeweza kulala siku saba zote bila kumuwaza, basi una moyo mgumu kuliko wa Bimkubwa anayemtumikia. Nyumba kubwa tupu. Saa saba mchana, bati linalia kwa joto. Na kule kwenye banda la matandiko ya farasi, Clarrie, mume wake, kalala juu ya magunia, shati limelowa damu aliyoikohoa.

Myrtle akabonyeza.

Redio ikapiga mluzi, ikakwaruza, ikajibu.

"Kituo hapa. Nani anaita kwa dharura? Ova."

"Ranchi ya Wonnamurra. Namtaka daktari. Ova."

"Nani anaongea?"

"Myrtle. Wa jikoni."

Sauti ya Vern, mwangalizi wa redio kule kituo cha daktari wa ndege, ikapoa palepale kama chai iliyosahauliwa mezani. "Myrtle, hicho kitufe si cha kuchezea. Bimkubwa wako yuko wapi?"

"Hayupo. Kuna mtu anakohoa damu."

"Mtu gani?"

Hapo sasa.

Juu ya redio ile palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa: DAKTARI YUPO USIKU NA MCHANA. Yupo kwa ajili ya nani, karatasi haikusema. Wenyeji wa kambini, wanaoamka kabla ya jua kumtafutia Bwana ng'ombe wake, walikuwa hawaruhusiwi kuigusa. Mgonjwa wao alipelekwa kwa Bimkubwa, Bimkubwa akamtazama, Bimkubwa akaamua. Mwaka jana mjukuu wa Shangazi Olive alipandwa na homa saa nne za usiku. Bimkubwa akasema daktari asisumbuliwe, wasubiri kipindi cha wagonjwa cha asubuhi. Kipindi kilipofika hapakuwa tena na mtoto wa kutibiwa. Wako waliosahau. Kambini hakuna hata mmoja.

Ndiyo maana Jumamosi hii, siku ya kuwapakia ng'ombe kwenye malori, watu wote wa kambi walikuwa wamepanga kukaa chini. Hakuna kamba itakayorushwa, hakuna farasi atakayetandikwa, mpaka kambi ipewe redio yake na sanduku lake la dawa. Na aliyewaunganisha ni Clarrie. Ingejulikana leo kwamba Clarrie ana ugonjwa wa kifua, kesho angesafirishwa pwani, maili mia tisa, kwa jina la matibabu. Jumamosi ingepita kama Jumamosi yoyote.

Na redio ile ilikuwa ya wazi. Ranchi thelathini zilisikia kila neno. Mwanamke akiharibikiwa na mimba, ranchi thelathini zilijua kabla mumewe hajarudi malishoni. Kutaja jina la Clarrie hewani ni sawa na kulipeleka mezani kwa Bwana.

Macho ya Myrtle yakatua ukutani, kwenye picha ya Bwana kamshika fahali aliyeshinda zawadi.

"Ni Bwana," akasema. "Bwana Pickersgill mwenyewe."

Ungemsikia Vern!

"Bwana Selwyn? Mungu wangu! Usiondoke hapo Myrtle, usiondoke kabisa! Daktari! Daktari Haldane, njoo mbio!"

Haikuchukua hata dakika moja. Ikaja sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka. Daktari Moira Haldane alikuwa na miezi mitatu tu katika kazi ile. Alipopita Wonnamurra mara ya kwanza aliingia hadi jikoni, akampa Myrtle mkono, akamwambia: niite saa yoyote, na utakaloniambia litabaki kwangu.

"Myrtle, damu nyingi?"

"Kikombe, Daktari."

"Nyekundu yenye povu, au nyeusi?"

"Nyekundu. Ina povu."

"Amekonda? Anatoka jasho usiku?"

"Miezi miwili sasa. Shuka naanika kila asubuhi."

Akauma ulimi. Shuka za Bwana alikuwa akizifua Jumatatu tu, na nusu ya wanawake waliokuwa wakisikiliza walijua hivyo. Lakini hakuna aliyelishika hilo. Walikuwa wameshika kitu kitamu zaidi.

"Mkalishe, asilale chali," daktari akasema. "Fungua sanduku la dawa, mpe vidonge viwili vya namba kumi na tisa. Naruka sasa hivi. Baada ya saa moja na nusu niko hapo."

Namba kumi na tisa! Kila ranchi ilikuwa na sanduku lilelile, chupa zilezile, namba zilezile. Daktari hutaja namba ili asitaje ugonjwa. Hiyo ndiyo waliyoiita siri. Ila ikitajwa namba hewani, masanduku thelathini yanafunguliwa jikoni thelathini, na vidole thelathini vinashuka kwenye orodha.

"Kumi na tisa ni ya kifua!" Sauti hiyo ikapenya, nyembamba, ya Bibi Thelma Crouch wa ranchi ya Kurrajong, aliyesahau kuwa kipaza sauti chake kimewaka. "Audrey, shoga yangu, kaa chini. Kaa chini, nakwambia. Selwyn wako ana kifua!"

Myrtle akalitambua jina hilo. Audrey ndiye Bimkubwa wake. Alikuwa amekwenda Kurrajong kunywa chai!

"Nipe hicho!" Vikombe vikasikika vikianguka. Kisha sauti anayoifahamu kuliko anavyoifahamu ya mama yake. "Myrtle! Mume wangu ana nini?"

Bimkubwa hakungoja jibu.

"Mume wangu nimeagana naye asubuhi anakwenda kisima cha kaskazini, anatafuna pipi zake za mnanaa, mzima kama farasi! Na nani kakuruhusu kugusa redio yangu? Kwanza leso sita, leo redio! Kesho utavaa nguo zangu!"

Sasa hizo leso. Mwezi uliopita leso sita za mfukoni za Bwana, nyeupe, zilizotariziwa S.P. kwa uzi wa buluu, zilipotea. Anayefua ni nani? Myrtle. Basi mwizi ni nani? Bimkubwa hakuhitaji ushahidi. Alipekua kitanda cha Myrtle, akamwaga unga wake chini, akaapa mbele ya watu kwamba siku atakayomkuta na hata moja, polisi watakuja kumchukua na Clarrie atafuata na mizigo.

"Bibi Pickersgill," daktari akakata, "toka hewani."

"Unamwambia nani?"

"Wewe. Naongea na mtu aliye karibu na mgonjwa, na mgonjwa wangu si chai ya mchana. Vern, funga laini."

Vern akaifunga. Na mbio zikaanza. Kurrajong ni maili sitini za vumbi. Kwa gari, mwendo wa saa mbili kasoro. Ndege, saa moja na nusu. Na Bwana? Bwana akiiona ndege angani, naye atageuza lori.

Myrtle akachukua ufunguo ulipofichwa, ndani ya kopo la biskuti. Akatoa vidonge viwili, akakimbia bandani.

Clarrie alikuwa amekaa, mgongo kwenye tandiko lake, uso umekuwa rangi ya majivu. Shangazi Olive alikuwa akimpepea kwa kofia.

"Umewaambiaje?" Clarrie akauliza.

"Nimewaambia anayeumwa ni Bwana."

Clarrie akamtazama. Kisha, mgonjwa yule, akaanza kucheka.

"Usimchekeshe, atakohoa tena!" Shangazi Olive akafoka, na yeye mwenyewe kafunika mdomo. "Ee mwanangu. Kwa hiyo ndege inakuja."

"Inakuja, Shangazi."

"Kwa Bwana inakuja." Kicheko kikamtoka usoni. "Kwa kile kitoto changu haikuja."

Ndege ilitua saa tisa kasoro robo. Daktari Haldane akaruka chini na mkoba wake kabla mapanga ya ndege hayajasimama.

"Yuko chumbani?"

"Yuko bandani, Daktari. Na si Bwana. Ni Clarrie, mume wangu."

Daktari akasimama. Alikuwa mfupi, mwenye mabaka ya jua puani, na akikasirika sauti ilishuka badala ya kupanda. "Umenidanganya hewani. Mbele ya watu wote. Unajua nikiitwa mahali pengine sasa hivi, mwingine anaweza kufa?"

"Najua."

"Ungeniambia ni Clarrie ningekuja."

"Wewe ungekuja. Vern angekuunganisha?"

Daktari akaushika mkoba wake vizuri.

"Nipeleke," akasema.

Alimpima bila maneno mengi. Akasikiliza mgongo, akasikiliza kifua, akamtaka akohoe ndani ya kichupa. Alipomaliza akakaa juu ya gunia kama mtu wa nyumbani.

"Sipendi ninachosikia. Kichupa hiki ndicho kitakachosema kwa uhakika, lakini mimi tayari nafikiri ni kifua kikuu. Kinatibika. Ila si hapa. Utakuwa na kikombe chako, utalala peke yako nje, na utakuja hospitali."

"Lini?"

"Leo."

"Hapana."

"Clarrie..." Myrtle akaanza.

"Jumatatu, Daktari. Jumatatu nitapanda ndege yako na nitakaa huko hata mwaka. Jumamosi nina kazi."

"Huwezi kufanya kazi."

"Ni kazi ya kukaa chini tu," Clarrie akasema. "Hata mgonjwa anaiweza."

Daktari akamtazama Clarrie, akamtazama Shangazi Olive, na nadhani alielewa, kwa sababu hakuuliza kazi gani. "Jumatatu. Ukitoka damu tena kabla ya hapo, unapanda hata kwa kubebwa."

"Na Bwana? Utamwambia?"

"Sitamwambia."

"Akikulazimisha?"

"Kuna ofisi moja ya afya pwani ambayo sheria inanitaka niiandikie, ikithibitika. Barua iliyofungwa kwa gundi. Bwana wako si ofisi."

Kabla hajafunga mkoba, honi ikalia getini. Haikuwa moja. Zilikuwa mbili.

Vumbi la kaskazini lilikuwa la Bwana. Aliiona ndege ikishuka, akaacha kisima na mafundi wake. Vumbi la mashariki lilikuwa la Bimkubwa. Waliteremka mbele ya baraza kwa wakati mmoja, mke akiwa bado na kofia ya chai, mume akiwa na suruali ya grisi, anatafuna pipi ya mnanaa.

"Selwyn! Mzima?"

"Kwa nini nisiwe mzima?"

"Nchi nzima inakuzika! Thelma keshaulizia maua! Huyu," kidole kikamlenga Myrtle, "huyu kasema hewani unakohoa damu!"

Watu wa kambi walikuwa wameanza kusogea. Myrtle akasubiri kishindo. Alimjua Bwana: kwa kopo la maziwa lililomwagika alishawahi kupiga kelele hadi mbwa wakajificha chini ya lori.

Bwana hakupiga kelele. Aliacha kutafuna. Akamtazama Myrtle, akamtazama muda mrefu, kwa namna ambayo Myrtle hakuwahi kutazamwa naye kwa miaka kumi na moja. Hasira Myrtle angeitambua. Hiyo haikuwa hasira.

"Basi yuko mtu," Bimkubwa akaendelea. "Yuko mtu anakohoa damu kwenye ranchi yangu, na anafichwa kwa jina la mume wangu. Daktari, ni nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Hii ni nyumba yangu! Redio yangu! Sanduku langu!"

"Na ugonjwa ni wake."

"Basi nitamtafuta mwenyewe. Wote hapa! Wapangwe mstari! Nataka kila mtu akohoe mbele yangu!"

Myrtle akaiona hatari yote kwa mara moja. Clarrie angeitwa. Clarrie asipotokea, atajulikana. Clarrie akitokea, akakohoa, atajulikana.

Lakini daktari alikuwa ameanza kukunja mikono ya shati.

"Wazo zuri, Bibi Pickersgill," akasema. "Wapangwe. Kama kuna kifua hapa, kila anayekula na kulala Wonnamurra lazima apimwe. Kila mmoja. Chumba cha kulia, mlango umefungwa, mmoja mmoja. Vichupa vitakuwa na namba, na majina nitakuwa nayo mimi peke yangu. Naanza na mgonjwa niliyeitiwa. Bwana Pickersgill?"

"Mimi sina haja," Bwana akasema haraka mno.

"Nenda, Selwyn, tuwanyamazishe!" Bimkubwa akamsukuma. "Waone ulivyo mzima."

Bwana akaingia. Mlango ukafungwa.

"Na wewe Bibi," daktari alikuwa amesema akiwa mlangoni, "panga mstari na wenzako."

"Mimi? Na hawa?"

"Karibu, Bimkubwa," Shangazi Olive akasema, akijisogeza kumpa nafasi. "Sisi kusimama mstari tumezoea. Tutakuonyesha."

Kicheko kikapita chinichini, kikakatika. Clarrie alikuwa ametoka bandani.

Alikuwa amebadili shati. Alitembea wima, kofia usoni, mkono mmoja mfukoni kama mtu anayekwenda kuangalia farasi. Hatua hamsini za uwanja mtupu, na Bimkubwa akihesabu kila moja. Myrtle alitaka kumkimbilia. Hakukimbia. Hatua ya thelathini mabega ya Clarrie yakatikisika. Hatua ya arobaini akasimama, kama anayetazama ndege. Myrtle akaona shingo yake ikivimba kwa kuzuia. Haikuzuilika.

Akakohoa.

Na Shangazi Olive akakohoa. Akakohoa kwa nguvu, kwa mbwembwe, mkono kiunoni, kama trekta bovu. Aliyekuwa nyuma yake akadaka. Kisha mpishi wa wachungaji. Kisha mapacha wa fundi kamba, wanawake wawili wa kufua, mzee wa bustani. Mstari mzima ukakohoa, Wonnamurra yote ikakohoa, mbwa wakabweka, na rubani kule chini ya bawa la ndege akainua kichwa kutoka kwenye gazeti.

"Nyamazeni!" Bimkubwa akapiga mguu chini. "Nyamazeni! Ni nani aliyeanza?"

"Vumbi, Bimkubwa," Shangazi Olive akasema, akijifuta machozi. "Gari lako limeleta vumbi jingi sana."

Clarrie alikuwa ameshaingia mstarini. Mkono ule wa mfukoni ulikuwa umebana kitambaa, na Myrtle peke yake ndiye aliyeona kilivyolowa damu.

Mlango wa chumba cha kulia ulikuwa bado umefungwa.

Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Bimkubwa akausogelea, akaweka sikio. Ndani bomba la kunawia mikono likafunguliwa, likamwagika kwa kishindo. Akarudi amenuna.

Dakika ya ishirini na tano ndipo Bwana alipotoka. Hakumtazama mke wake. Akapita moja kwa moja hadi ofisini kwake.

"Si nilisema?" Bimkubwa akawatangazia. "Mzima!"

Waliobaki walimaliza haraka, dakika nne, dakika tano. Bimkubwa aliingia wa mwisho, akatoka na kichupa chake kakishikilia mbali na mwili kama panya. Jua lilikuwa linaelekea chini daktari aliposimama jikoni kuaga.

"Nimekuta ninachokihitaji," akamwambia Myrtle kwa sauti ya chini. "Jumatatu nakuja." Akasita. Alionekana amechoka kuliko alivyofika. "Myrtle, ulipotaja lile jina hewani. Ulilitoa wapi?"

"Kwenye picha ya ukutani, Daktari. Nilikuwa natafuta jina ambalo ndege ingelijia."

Daktari akamtazama kama mtu mwenye neno ulimini. Akalimeza. Akaenda zake, na dakika chache baadaye ndege ikapita juu ya bati.

Myrtle akarudi kwenye unga wa mkate. Zimebaki siku mbili kufika Jumamosi. Clarrie anasimama. Siri iko kwenye mkoba wa mwanamke mmoja anayejua kunyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi hadi chini.

Mlango wa upande wa ofisi ukafunguliwa.

Bwana Pickersgill akaingia jikoni. Hakuwahi kuingia jikoni. Akaufunga mlango nyuma yake, akasimama upande wa pili wa meza, na harufu ya mnanaa ikamtangulia.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimejua nini, Bwana?"

"Usinizungushe. Nilikuwa mwangalifu. Miezi minne nimekuwa mwangalifu." Akatia mkono kifuani, akatoa kitu, akakiweka juu ya meza kando ya unga. Leso. Ilikuwa nyeupe zamani. Pembeni, S.P., uzi wa buluu. Katikati palikuwa pekundu. "Nyingine sita nimechoma ofisini. Audrey hajui. Watu wanaokuja Jumamosi kuchukua ng'ombe hawajui, na wakijua hawatanunua, na ranchi hii haitakuwa yangu mwaka ujao. Daktari mwenyewe kajua leo saa kumi, na kaniapia hatasema. Lakini wewe saa saba ulikuwa umeshautangaza, Audrey kanihadithia kila neno. Jasho. Damu yenye povu. Miezi. Nani kakwambia?"

Leso sita. Unga wake uliomwagwa chini. Kitanda kilichopinduliwa mbele ya watu. Mwezi mzima wa kuitwa mwizi, na huyu alikuwa chumba cha pili, anatafuna pipi, anasikiliza.

Angeweza kudanganya. Angeweza kumfanya aogope. Badala yake ukweli ukamtoka wenyewe.

"Hakuna aliyeniambia, Bwana. Sikuwa najua. Umeniambia wewe, sasa hivi."

Uso wa Bwana ukaporomoka.

Redio ilikuwa hatua sita tu kutoka pale. Kitufe chekundu. Ranchi thelathini, masikio thelathini, na Jumamosi ng'ombe wake wasingepata mnunuzi hata wangetembea wenyewe hadi sokoni. Myrtle alizihesabu hatua zile. Kisha akamkumbuka mtu mwingine aliyekuwa akikohoa ndani ya kitambaa, upande wa pili wa uwanja, na daktari aliyefungulia bomba ili aliye mlangoni asisikie.

Viatu vya kisigino vikalia kwenye korido. Ko, ko, ko.

"Myrtle," Bwana akanong'ona. "Tafadhali."

Miaka kumi na moja, neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake kwenda kwa Myrtle. Bwana akanyoosha mkono kuichukua leso, na hapohapo kikohozi kikamshika, kikamkunja juu ya kiti, mikono yote miwili mdomoni. Leso ikabaki mezani. Ko, ko, ko. Kitasa kikazunguka.

Myrtle akaikwapua, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

Bimkubwa akasimama mlangoni. Akamwona mumewe kainama. "Vumbi la leo!" akasema, akampita. Macho yake yalikuwa yameshatua pengine. Kwenye mfuko wa aproni. Kwenye pembe ndogo nyeupe iliyochungulia, na herufi mbili za uzi wa buluu.

Tabasamu likampanda taratibu.

"Hatimaye," akasema. "Itoe, Myrtle. Itoe mbele ya Bwana wako, aone kwa macho yake nimekuwa nikimwambia nini. Kisha nenda kamwite Clarrie afunge mizigo."

Myrtle akamgeukia Bwana.

Bwana Pickersgill alikuwa ameshanyooka. Alimtazama mke wake, akaitazama aproni. Akafungua mdomo.

Akaufumba.